Babu Juu ya Kenchi, Mama Migombani

Usimamizi sikuuomba. Niliteuliwa. Baba alipiga simu kutoka Tunduma, anakofanya kazi ya kupakia na kupakua malori, akasema, "Si upo nyumbani wiki hii? Basi utamsimamia fundi wa paa."

Wiki hiyo kidato cha nne walikuwa kwenye mtihani wao, na sisi wa kidato cha tatu tulirudishwa makwetu ili tusiwapigie kelele. Kelele zenyewe, kwa maelezo ya mwalimu wa zamu, ni mimi.

"Kusimamia ni kufanya nini?" nikamuuliza baba.

"Kusimama," akasema, "na kuangalia."

Kusimama na kuangalia naweza. Nimefanya hivyo darasani miaka mitatu, mara nyingi nikiwa nimesimamishwa.

Paa letu la zamani lilikuwa na kutu mpaka ukiligusa linakuachia unga mkononi. Lilivuja sehemu nyingi, lakini mahali pabaya zaidi palikuwa chumbani kwa wazazi, juu kabisa ya upande anaolala mama. Pale mama aliweka chungu cha Ikombe, alichokinunua sokoni Lyulilo kwa ajili ya kupikia maharage. Maskini chungu kile: kilifinyangwa kiende jikoni, kikaishia kulala na wazazi wangu kila masika.

Mwaka huu mama alisema basi. Mabati yalikuwa yameshanunuliwa, mbao zipo, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya ziwa kila alasiri kama watu wanaosubiri kufunguliwa mlango. Ndani ya nyumba kulikuwa na magunia ya mpunga, magodoro, kabati la vyombo, na madaftari yangu, ingawa hayo yangelowa nisingelia sana. Paa lilitakiwa litoke na jingine liingie kabla ya mvua ya kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yetu yote, na ilionekana nyepesi.

Fundi alifika Jumatatu asubuhi, mama akiwa ameshakwenda kwenye kakao. Alikuwa mzee mwembamba, wa miaka sitini hivi, mwenye magoti yaliyochomoza kama vitasa. Nyuma yake alikuja saidia fundi, jibaba zima lenye tumbo, ambalo kwa siku tano sikuwahi kulisikia likitamka neno kwa sababu muda wote lilikuwa na misumari mdomoni. Wakapanda. Mpaka kufika saa sita, nyumba haikuwa na bati hata moja.

Nyumba isiyo na paa inachekesha. Unaingia sebuleni unakutana na jua limekaa kwenye kochi. Unaingia chumbani, kunguru anakuchungulia. Jiko letu ni kibanda kilichoegemea ukuta wa nyumba upande wa milimani, nalo liliezuliwa pia, likabaki mafiga matatu na masizi, wazi kabisa.

Nilikuwa nimekaa juu ya gunia nikisimamia, fundi aliponiuliza kutoka juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, "Binti, hapa hasa ni kwa nani? Mimi nimetafutwa na muuza mbao wa mjini. Kaniambia tu nyumba ile ya karibu na mfereji."

Sasa mimi ukiniuliza habari za ukoo unanipa jukwaa. Nikamtajia baba, nikamtajia marehemu babu, nikamwambia na kwamba babu alitokea Ikolo akaja kufungua mashamba huku. Fundi akaacha kugonga.

"Babu yako alikuwa na kovu hapa?" Akagusa nyusi ya kushoto.

"Sikumkuta. Ila kwenye picha analo."

"Kovu lile nilimtia mimi. Tuligombania panzi. Baba yake na baba yangu walikuwa tumbo moja." Akanikodolea macho. "Basi mimi ni babu yako, we mtoto!"

Nilifurahi vibaya mno. Babu kwetu ni mtani, na mimi mtani wa bure siwezi kumwacha. "Mugonile, babu!" nikamsalimia. "Mbona wewe una sura nzuri kuliko yule wa kwenye picha?"

"Yule alifanana na kiboko tangu utotoni."

"Na wewe ukianguka huko nyundo narithi mimi."

"Utarithi misumari iliyopinda, mjinga wewe."

Tukiwa kwenye raha hiyo, mama akatokea njiani na mkungu wa ndizi kichwani. Mama huanza kuongea kabla hajafika. "Fundiii!" akaita. "Naona nyumba yangu umeshaivua nguo! Haya, uivalishe kabla watu hawajaona mapaja yake!"

Nami, kwa furaha ya kuwa wa kwanza kutangaza habari, nikapaza sauti, "Mama! Fundi ni babu! Babu wa kweli kabisa! Baba yake na baba wa marehemu ni ndugu!"

Mama alisimama. Mkungu ukaanguka, ndizi zikatawanyika. Akavuta kanga ya kiunoni akajifunika kichwa chote, akageuka, akaingia migombani kwa mwendo ambao sikujua kama bado anao. Nikamtazama fundi. Alikuwa amekumbatia kenchi, uso kaugeuzia milimani, macho kafumba.

Mimi nikabaki katikati ya uwanja na ndizi zangu.

Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba mama aliwahi kumwibia kitu yule mzee. La pili sitalisema. Nikamfuata migombani, nikamkuta amechuchumaa nyuma ya shina.

"Amegeuka?" akaninong'oneza.

"Nani?"

"Huyo aliye juu."

"Mama, yule ni fundi."

"Ni baba mkwe wangu!" Akajishika kichwa. "Mungu wangu, na nimeshamwambia habari za mapaja!"

Ndipo nikakumbuka. Wenyewe wanaita ukutila: mwanamke hakutani uso kwa uso na baba yake mkwe, wala ndugu zake wa rika hilo. Haongei naye, hamtazami, akimwona njiani anaingia porini. Nilikuwa nimeona bibi wa watu wakifanya hivyo, lakini nilidhani ni mambo ya bibi wa watu. Babu yetu alikufa kabla mama hajaolewa, kwa hiyo sikuwahi kumwona mama akimkimbia mtu yeyote. Huyu ni mama ambaye kwenye mkutano wa kijiji humwambia mwenyekiti akae chini amalize hasira kwanza. Ana simu yenye mtandao. Ni katibu wa akina mama kanisani.

"Lakini mama, wewe ni mlokole," nikasema.

"Mchungaji mwenyewe mke wake anajificha. Nenda kaokote ndizi."

"Basi tutafute fundi mwingine."

"Nimfukuze mkwe wangu juu ya paa? Na huyo mwingine umemwona wapi? Kila mtu anakumbuka bati lake wingu likishatokea."

Hapo ndipo nilipoielewa shida mpya, ikaniumiza kichwa. Nyumba haina paa. Mkwe yuko juu ya nyumba. Kutoka kule juu anaona sebule, anaona chumba, anaona mpaka uvungu wa kitanda. Kwa hiyo mama hawezi kuingia ndani ya nyumba yake mwenyewe mchana kutwa mpaka paa likamilike, na paa linakamilishwa na huyo huyo anayemzuia asiingie. Nilijaribu kuligeuza jambo hili kila upande kama hesabu ya maumbo, halikukubali.

Kuanzia Jumanne nyumbani kwetu kukawa na utaratibu. Kabla ya kupanda, fundi aligonga ngazi mara tatu kwa nyundo, akakohoa, akasubiri. Siku ya kwanza nilidhani anaisalimia ngazi. Mama akisikia tu, anahama kutoka alipo anakwenda asipoonekana. Naye akitaka kupita uwanjani, anagonga mfuniko wa sufuria, na fundi anageukia milimani. Ngo, ngo, ngo. Kwaa, kwaa. Jirani alinitania tumefungua kanisa la matarumbeta.

Maneno yote yalipita kwangu.

"Mpelekee chakula. Mwambie karibu. Usiseme nimesema mimi."

"Nimwambie kasema nani? Sufuria?"

"Peleka!"

Fundi naye alipokea sahani kwa mikono miwili, akaitazama ile mbasa ya ziwani ya kukaanga na wali kama anaitazama hati ya shamba. "Waambie waliopika, ndaga fijo," alisema, yaani asante sana. Waliopika! Alipika mtu mmoja, tena akiwa amekaa kwenye jiko lisilo na paa, kanga kichwani, akisikiliza nyundo iko upande gani. Lakini kwa heshima mama aligeuka kuwa umati.

Sasa nikiri. Mtu ukimpa kazi ya kubeba maneno siku nzima, mkono unawasha. Jumanne mchana niliporudisha sahani, mama aliuliza, "Amesemaje?" Hakuwa amesema kitu zaidi ya ndaga. Nami nikasema, "Anasema chumvi imezidi kidogo."

Mama alishtuka utadhani nimemwambia ana kesi. Usiku wa siku hiyo na kesho yake chakula cha fundi hakikutiwa chumvi hata chembe. Na yule mzee, kwa heshima, alikula chote akarudisha sahani nyeupe. "Waambie waliopika, ndaga fijo." Mimi nilijiumauma mashavu nisicheke. Niliona nimegundua mchezo mtamu kuliko yote.

Jumatano kenchi zilikuwa zimetengenezwa, papi za kushikilia mabati zimepigiliwa, na mabati yakaanza kupanda. Mama alikuwa migombani akimenya ndizi, mara akainuka nusu akachungulia kati ya majani.

"Anaanzia wapi?"

"Kule mwisho wa nyumba. Upande wa ziwani."

"Hapana," akasema. "Hapana, hapana. Mwambie aanzie milimani."

Mimi bati ni bati. Lakini mama alinieleza taratibu, kwa kutumia maganda. Bati la pili linalalia ukingo wa bati la kwanza, la tatu linalalia la pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukianzia ziwani, midomo ya mabati yote inabaki imeangalia ziwa. Na kwetu mvua yenye upepo hutoka ziwani. Upepo utayasukuma maji yaingie kwenye midomo ile, na nyumba itavuja ikiwa mpya. Ukianzia milimani, midomo inaangalia milimani, maji yanateleza juu yake.

"Baba yangu alikuwa anaezeka," akasema. "Nilimshikia kamba tangu nikiwa mdogo. Huyu mzee vipi? Nenda. Usiseme nimesema mimi."

Nikaenda, nikasimama chini ya ngazi.

"Babu, mimi naona umeanza upande mbaya."

"Wewe unaona?"

"Ndiyo. Upepo unatoka ziwani."

"Jana uliniuliza zile papi ni kuni za nani."

Saidia fundi alitikisika tumbo. Nikaona heshima ya usimamizi inaporomoka. "Kwa kweli ni baba kasema," nikabadilisha. "Kapiga simu."

Fundi akatoa simu mfukoni, kale kadogo ka kubonyeza, akampigia baba, ambaye tangu Jumatatu walishatambuana kwa simu, hapo hapo juu ya papi, sauti kubwa uwanja mzima unasikia.

"Mwanangu, umesema nianzie milimani?"

"Mimi, tata?" Sauti ya baba ilikuwa ya mtoto wa darasa la pili. "Hapana, tata! Mimi nikupangie kazi wewe? Nani kasema hivyo?"

"Msimamizi wako."

Kisha baba akasema, "Nikija Krismasi tutaonana na huyo msimamizi."

Fundi akarudisha simu mfukoni. Akaniangalia muda mrefu. "Aliyesema," akasema polepole, "mwambie nimesikia."

Kisha akachukua bati jingine, akaliweka pale pale, upande wa ziwani, akapiga msumari.

Hapo nilipotea kabisa. Kama hakusikia, sawa. Kama amesikia akakataa, sawa. Lakini mtu amesikia, ametuma ujumbe kwamba amesikia, halafu anaendelea? Nilimpelekea mama jibu hilo kama lilivyo. Alimenya ndizi moja mpaka akaimaliza yote, hakubaki hata na kipande cha kupika.

Alhamisi asubuhi nusu ya paa la mbele ilikuwa imefunikwa kutoka ziwani. Mawingu hayakusubiri alasiri tena. Mama hakulala vizuri. Alisema ataishi na chungu kile mpaka azeeke, sasa chini ya paa jipya, na kila tone litamkumbusha kwamba aliona akanyamaza.

Saa nne hivi nikasikia mfuniko. Kwaa, kwaa. Fundi akageukia milimani kama kawaida. Lakini mama hakupita. Alitoka migombani kanga imemfunika kichwa na mabega, akitembea kinyumenyume, mgongo wake ndio ulioitazama nyumba. Niliogopa atajikwaa kwenye kuku. Akafika katikati ya uwanja, akachuchumaa, mgongo bado umeelekea paa. Akaegemeza kipande cha ubao juu ya jiwe. Akachana majani ya mgomba, akayapanga juu ya ubao, moja likilalia jingine, kuanzia upande wa ziwa. Akachota maji kwa kata akayarusha kutoka upande wa ziwa. Akafunua majani. Ubao ulikuwa umelowa chapachapa.

Akaufuta kwa kanga. Akayapanga majani upya, kuanzia upande wa milimani. Akarusha maji vilevile. Akafunua. Pakavu.

Akauinua ule ubao juu ya kichwa chake, mkavu, akaushika hivyo kidogo. Kisha akauweka chini, akagonga mfuniko, akarudi migombani.

Sikujua kama fundi alikuwa ameangalia. Nilipoinua macho, alikuwa ameketi juu ya papi, nyundo kapakata. Saidia fundi alikuwa amefungua mdomo, na kwa mara ya kwanza misumari ikamtoka, ikashuka juu ya bati ikilia.

"Mjukuu," fundi akaita. "Panda."

Nikapanda.

"Mimi nimeanza kuezeka baba yako hajaota meno. Unadhani sijui upepo wa ziwa?"

"Sasa babu, kwa nini..."

Akaonyesha kwa kidevu upande wa milimani, bila kuangalia. "Kule chini ya ukuta kuna nini?"

"Jiko."

"Na jikoni kuna nani?"

Nikatazama migombani, alikoingia mama.

"Nikiwa huku ziwani, ule ukuta wa pembetatu unanikinga, sioni jiko. Nikianzia kule, siku mbili nzima nimesimama juu ya sufuria yake. Atapika wapi? Atakula wapi? Tayari nyumba nimemnyang'anya. Nikasema nianzie huku, kule nitamalizia haraka siku moja tu, ateseke siku moja."

"Lakini paa litavuja, babu!"

"Likivuja watasema mzee hajui kazi. Basi. Hayo nitayabeba."

"Si ungesema? Mimi nipo hapa kutwa!"

Akanitazama, na safari hii hakuwa mtani. "Nikutume wewe? Wewe ambaye nimekula siku mbili samaki asiye na chumvi, nikawa najiuliza waliopika nimewakosea nini?"

Nilishuka ngazi nikiwa sina mzaha hata mmoja mwilini. Nikaenda migombani, nikampa mama maneno yote, neno kwa neno, sikuongeza wala kupunguza. Nikasema na habari ya chumvi. Kwenye chumvi nilisogea nyuma kidogo, maana mkono wa mama ni mrefu.

Hakunipiga. Aliketi chini kabisa, kwenye majani makavu. "Kumbe ananistahi mimi," akasema. "Na mimi namwona hajui kazi." Akafunika mdomo kwa kanga, mabega yakamtetemeka, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au analia. Nilimuuliza akasema nisimuulize.

Kisha akasimama. "Beba mafiga."

"Yana moto!"

"Beba hivyo hivyo."

Tukahamisha jiko. Mafiga matatu, sufuria, kata, kinu, vyote tukavizungusha nyuma ya migomba mpaka upande wa ziwani, chini ya ukuta mwingine wa pembetatu. Niliungua vidole viwili na niliona ni haki. Mama alipoketi mahali pake papya akanipa mfuniko. "Gonga wewe," akasema.

Nikagonga. Juu kule nikasikia msumari wa kwanza unang'olewa.

Waliyang'oa mabati yote ya Jumatano na Alhamisi. Matundu ya misumari fundi aliyaziba kwa lami, moja moja, akiipasha kwenye kopo. Wakaanzia milimani. Walipiga nyundo mpaka giza likawazuia, na Ijumaa walifika kabla hata jogoo wetu hajajipanga. Chakula cha Ijumaa kilikuwa na chumvi. Fundi alionja, akasimama kidogo, akasema, "Waambie waliopika..." halafu hakumalizia, akala.

Saa tisa walikuwa wanafunga kofia ya mwisho juu ya mgongo wa nyumba. Ziwa lilikuwa limeshapotea, upande ule wote ulikuwa rangi ya sufuria. Upepo ulikuja kwanza, ukageuza majani ya migomba yote kwa mkupuo. Saidia fundi hakuwa mkwe wa mtu: alishuka mbio akaingia sebuleni akakaa kwenye kochi. Kisha mvua ikafika.

Na hapo, jamani, ndipo mimi nilipoona jambo ambalo hata nikizeeka sitalielewa. Tumehangaika siku tano ili nyumba iwe kavu. Nyumba sasa ni kavu. Na ndani yake tumo saidia fundi na mimi.

Fundi alikuwa amesimama nje kwenye kona ya mbele, mvua inampiga, amejikunyata na nyundo yake. "Babu, ingia!"

"Wenye nyumba wameingia?"

Nikakimbilia mlango wa nyuma. Mama alikuwa amesimama migombani, kanga imemgandama mwilini kama ngozi. "Mama, ingia!"

"Mkwe yuko ndani?"

"Hayuko!"

"Basi ataingiaje mimi nikiwa ndani? Mwambie yeye aingie."

Nikarudi mbele. "Babu, wanasema ingia wewe."

"Nyumba ni yao. Waingie wao."

Nikaenda nyuma. Nikarudi mbele. Mara ya tatu, maji yakinitiririka mpaka kwenye nguo za ndani, nikaamua kwamba ukweli ulishafanya kazi yake jana na leo upumzike. Nikamwambia fundi, "Mama amekimbilia kwa jirani." Nikamwambia mama, "Babu ameondoka na pikipiki." Fundi akaingia kwa mlango wa mbele akakaa sebuleni. Mama akaingia kwa mlango wa nyuma akaenda moja kwa moja chumbani. Mimi nikasimama ukumbini, katikati yao, nikisimamia.

Bado hatukuwa na dari, ukuta wa ndani unaishia nusu, kwa hiyo kila sauti inavuka. Mama alikohoa. Sebuleni kochi likalia kwa mshtuko. Fundi akakohoa. Chumbani kukawa kimya kama hakuna mtu anayepumua. Nilifumba macho nikasubiri mmoja wao atoke mbio kwenye mvua.

Hakutoka mtu. Mvua iliyapiga mabati mapya kutoka ziwani, upepo ukisukuma, nyumba nzima ikivuma. Tukasikiliza wote. Kisha fundi akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na kuta, "Sijui chumba cha nyuma kikoje."

Halafu kutoka chumbani nikasikia mama akigonga kwa kidole kile chungu cha Ikombe, kilichokuwa bado mahali pake kando ya kitanda. Kikatoa sauti tupu, kavu kabisa. Koo.

"Ndaga," fundi akasema, chini chini.

Chungu kikagongwa tena.

"Na kwa mjukuu je?" akauliza kwa sauti kubwa kidogo. "Kukavu?"

Nikachungulia chumbani kwangu. Katikati ya mto wangu palikuwa na duara la maji, na juu yake, kwenye bati mojawapo la yale yaliyong'olewa, tundu moja la msumari ambalo lami ilikuwa imelisahau. Tone likashuka nikiangalia. Nilifungua mdomo. Nyuma yangu, mlangoni kwa chumba chake, mama alikuwa ametoa mkono mmoja tu nje ya pazia, na ule mkono ulikuwa umeshika chungu, unaninyooshea.

Nikakipokea.

"Kukavu, babu," nikasema.